Waliponichanja kwa Mbelewele

Naitwa Nyangeta, mama yake Wegesa. Nauza dagaa soko la Mwigobero hapa Musoma, naishi Bweri, na ninapumua kwa matundu yote mawili ya pua. Kuna mtu mmoja ambaye hilo la mwisho liliwahi kumkera sana, na nimeuandika ushuhuda huu nikijua utamfikia. Ninyi wengine, mnaosumbuliwa na kifua, macho na pua kila majani yanapochanua, usomeni kwa faida yenu. Yeye ausome na aone haya.

Nilizaliwa kijiji cha rasini, ziwa mbele ya nyumba na mihogo nyuma yake. Utotoni sikujua hospitali inafananaje. Tulikula ugali wa udaga, ule wa muhogo, kwa samaki wa furu na ningu, tulipiga mbizi mpaka masikio yakauma, na nilibeba ndoo ya maji kutoka ziwani bila kutua njiani. Baba alikuwa akisema nina mapafu ya kiboko. Nami niliamini.

Halafu nikaolewa na Masatu, mtu wa Butiama. Masatu alikuwa mume mwema, na katika ushuhuda huu yeye hana deni na mtu. Lakini kwao hakuna upepo wa ziwa. Kuna mahindi, kuna mtama na ulezi, na kando ya kila njia kuna majani yanayokufika kiunoni. Mwaka wa kwanza wa ndoa, mahindi yalipotoa mbelewele, lile shada la juu linalomwaga vumbi la njano, nilianza kupiga chafya asubuhi nikaacha wakati wa chakula cha jioni. Macho yaliniwasha mpaka nikatamani kuyatoa niyaoshe. Kaakaa lilikuwa linawasha, mahali ambapo mtu hawezi kujikuna. Nilijikuna kwa ulimi usiku kucha.

Mvua zilipoisha, ugonjwa ukaisha. Mwaka uliofuata ukarudi, na safari hii ukashuka kifuani. Nikilala chali nilisikia filimbi ndani yangu. Mwaka wa tatu ilinibidi nilale nimekaa, nimeegemea gunia la mtama, huku makamasi yakinichuruzika kama mtoto wa chekechea. Mama mkwe wangu, ambaye ulimi wake haukuwahi kuugua hata siku moja, aliniambia mbele ya wageni:

"Mwanangu, huu ugonjwa wako una kalenda. Jembe likitoka unakuja, chungu kikitoka unaondoka."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu mke mgeni hana la kufanya. Masatu hakucheka. Alimwambia mama yake, "Mwache, mama. Yeye atauza dagaa, mimi nitalima." Tukahamia Bweri, tukajenga vyumba viwili, akawa anakwenda Butiama kulima na kurudi. Tuliishi hivyo miaka mingi kwa amani. Msimu wa mbelewele nilikuwa nashinda Mwigobero, upepo wa ziwa ukinipuliza usoni, na ukinitazama usingejua kama nina ugonjwa.

Masatu alifariki kwa figo. Matanga yalipoanuliwa, ukoo ulikaa kikao. Kwa ukoo ule, shamba la marehemu linabaki kwa mjane na watoto wake mradi mjane alikanyage. Neno lao ni hilo: kulikanyaga. Maana yake aonekane shambani msimu mzima, tangu kupanda mpaka kuvuna, kwa miguu yake mwenyewe. Vibarua hawahesabiki. Asipolikanyaga, shamba linarudi kwa kaka wa marehemu. Kaka wa marehemu alikuwa mmoja tu, shemeji yangu Magoti, na wakati mzee anayasema hayo Magoti alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu mwenye huzuni. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka. Ukiwa chini unauona uso wa aliyeinama. Alikuwa anatabasamu.

Shamba lile ndilo kitu pekee Masatu alichomwachia Wegesa, binti yetu. Niliapa sitaliacha.

Nilipanda salama. Mbelewele zilipotoka nikajifunga kanga usoni nikaingia. Siku ya nne nilianguka kwenye matuta. Magoti ndiye aliyenipeleka hospitali Musoma, na hilo nalikubali, alinipeleka. Tulimkuta daktari mwanamke, bado kijana, Daktari Neema. Aliniwekea mvuke, akanipima kifua, akauliza maswali mengi kuhusu majani. Kisha akatuambia, Magoti akiwa amekaa hapo hapo pembeni yangu:

"Mama, una mzio. Adui yako ni chavua, lile vumbi la maua. Mahindi, mtama, ulezi na majani ni ukoo mmoja, kwa hiyo ukikorofishwa na mmoja, ndugu zake nao hawakuachi. Kuna nchi wanawachanja watu kwa hicho hicho kinachowadhuru, kidogo kidogo, mpaka mwili unazoea. Ila chavua yenyewe ikiwa mbichi ni hatari. Kwa mtu kama wewe inaweza kuua. Sisi hapa bado hatuna dawa hiyo. Mimi ndiyo naondoka kwenda kuisomea."

Alinipa dawa ya kuvuta, na akaniambia nikae mbali na shamba. Kauli yake ilikuwa na nusu mbili. Naomba uzishike zote mbili, msomaji, maana mimi nilikaribia kuzikwa na nusu moja.

Hazikupita siku tatu Magoti akaja Bweri. Alikuwa amevaa shati la kanisani.

"Shemeji, ile dawa ya daktari nimeipata. Kuna mzee huko Bunda. Anachanjaga."

"Daktari si alisema hapa kwetu haijafika?"

"Haijafika hospitali. Kwa wazee ilikuwaga toka zamani. Wazungu wamejifunzia wapi? Unafikiri babu zetu walikuwaga wajinga?"

Kwetu neno kuchanja lina kazi mbili. Mtoto akipelekwa kliniki, amechanjwa. Mtu akikatwa chale kwa wembe na kupakwa dawa kwenye damu, naye amechanjwa. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimelala nimekaa wiki nzima, na mbelewele zilikuwa bado zinamwaga. Nikajiambia labda ni kitu kile kile kwa mikono mingine. Hilo ni kosa langu, silikatai.

Tulipanda gari mpaka Bunda, kisha bodaboda, mimi katikati na Magoti nyuma, mpaka kwa mganga nje ya mji. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Magoti alimwambia asubiri, hatutachelewa.

Mganga alikuwa mpole. Watu hawa huwa wapole. Aliniketisha kwenye kigoda kivulini, akafungua wembe mpya mbele yangu ili nione ni mpya, akaleta kibuyu. Ndani yake kulikuwa na vumbi la njano lililokorogwa na mafuta. Alisema amelikung'uta asubuhi ile ile kutoka kwenye mahindi yake. Nililijua kwa harufu kabla sijalitazama.

"Baba, hicho ndicho kinachoniua," nikasema.

"Ndiyo maana, mama yangu. Dawa ya moto ni moto."

Magoti akarudia nyuma yangu, taratibu, "Dawa ya moto ni moto, shemeji."

Mganga alinichanja kifuani chale sita, shingoni nyuma nne, na kila mkono mbili. Akachota kwa kidole, akasugua. Damu yangu ililipokea lile vumbi moja kwa moja, bila hodi.

Kabla hajafunika kibuyu, viganja vya mikono vilianza kuwaka. Kisha nyayo. Kisha sehemu za siri, nasema wazi ili mwenye kuyaona haya siku moja ayatambue. Mabaka yakanitoka mwili mzima, makubwa, mekundu, yakaungana. Midomo ikavimba mpaka nikaiona kwa macho yangu mwenyewe. Tumbo likakata, nikajiharishia pale pale kwenye kigoda, mjane wa miaka arobaini, mbele ya shemeji yangu. Nilitaka kuomba radhi lakini ulimi ulikuwa umejaa kinywa. Hewa ilikuwa inaingia kwa tundu dogo kama la sindano ya kushonea, halafu hata tundu hilo likaanza kuziba.

"Uchafu unatoka," mganga akasema. "Mwacheni."

"Tulia, shemeji," Magoti akasema. "Dawa inafanya kazi."

Hakunishika mkono. Hakuniinamia kuona kama napumua. Alisogea pembeni akakaa kwenye jiwe, akitazama barabara. Hicho ndicho kitu cha mwisho nilichokiona vizuri, mgongo wa Magoti.

Aliyeniokoa ni dereva wa bodaboda. Nilimsikia anafoka: "Mimi huyu mama nimempandisha mzima. Maiti sipandishi!" Alinibeba na mavi yangu, akanifunga mgongoni kwake kwa kanga yangu mwenyewe kama mtoto, akaondoka. Magoti alibaki.

Kwenye kituo cha afya bado neno lile lilitaka kunimaliza. Nesi aliuliza, "Amekula nini?" Dereva akajibu, "Amechanjwa." Nesi akauliza, "Chanjo gani? Kadi yake iko wapi?" Dereva anasema amechanjwa, nesi anadai kadi, nami nimelala sakafuni nabadilika rangi. Mpaka nesi alipofungua blauzi yangu akaona zile chale zimevimba na unjano umegandia kwenye damu. Hakuuliza tena. Alinichoma sindano ya paja kupitia sketi, akanichoma ya pili, akaniwekea hewa. Nesi huyo sitamtaja jina kwa sababu aliniomba, lakini kila nikisali ninamtaja.

Nilikaa kitandani siku mbili. Nilipotoka nikakuta habari imenitangulia. Magoti alikuwa amezunguka kijiji kizima cha Butiama akisema dawa ya mzee imenikataa. Kwetu ukisema dawa imemkataa mtu, humalizii sentensi. Kila mtu anaimalizia mwenyewe: dawa humkataa mwenye mkono mbaya. Kwa hiyo nikawa mchawi, tena mchawi aliyemla mumewe figo. Mama mkwe alikuja Bweri kunitazama. Alikaa ukingoni mwa kiti, na chai yangu hakuinywa.

"Mwanangu, watu wanasema."

"Na wewe unasemaje, mama?"

"Mimi nimenyamaza."

Chai ile niliimwaga mlangoni yeye akiwa bado yuko kwenye ngazi.

Nilikwenda Mwigobero nikiwa na makovu mabichi, nikamwambia Mama Shabani, jirani yangu wa meza pale sokoni, kwamba nitamfanyia Magoti kitu. Sikujua kitu gani. Nilifikiria kuchoma mazao yake. Nilifikiria kumshtaki, lakini ningesema nini? Nilikwenda kwa mganga kwa miguu yangu, na mashahidi watatu walikuwapo. Mama Shabani alikuwa anachambua dagaa na hata hakuinua kichwa.

"Kwanza upumue, Mama Wegesa. Maiti haijawahi kulipa kisasi. Ukishapumua, njoo tupange."

Lilikuwa shauri zuri kuliko yote niliyopewa mwaka ule. Nikaenda kwenye kikao cha ukoo, nikasimama, nikasema: nipeni misimu mitatu. Msimu wa nne mtakuja shambani mbelewele zikiwa zinamwaga, mnione nikilikanyaga. Nikishindwa, Magoti achukue. Wazee wakatazamana. Magoti akacheka kwa sauti. "Mpeni," alisema, "mpeni hata kumi." Wazee wakanipa mitatu, na kwa kicheko kile yeye mwenyewe ndiye aliyeniwekea muhuri.

Msimu huo nikapanda mihogo shambani, kwa sababu mihogo haina ugomvi nami, nikawaweka watu wa kuitunza. Magoti akapanda mahindi pande zote nne, karibu kabisa na mpaka. Nilipoambiwa, niliwashukuru waliokuja kuniambia. Hasira yangu ilikuwa imeanza kupoa kidogo, na mahindi yale yaliipasha.

Daktari Neema alirudi kutoka masomoni mwaka huo huo. Nilikuwa wa kwanza kwenye benchi lake. Nilimwonyesha chale. Alizihesabu kimya kimya kwa kidole, akafunga macho.

"Nani alifanya hivi?"

"Ulisema wanachanja."

Alinirudishia kanga mabegani. Kisha akaniomba radhi, daktari mzima, kwa neno moja alilolitumia bila kulifikiria. Tangu siku hiyo, yeye mwenyewe kaniambia, hasemi tena kuchanja. Anasema kuchoma sindano.

Ndipo aliponieleza dawa yenyewe. Alisema mwilini mwangu kuna walinzi wanaomjua adui kwa sura. Wakiiona chavua wanapiga kengele zote kwa pamoja, na kengele hizo ndizo zilizonivimbisha ulimi. Zamani wataalamu walikuwa wanawachoma wagonjwa chavua kama ilivyo, tone dogo sana, na hata hivyo wengine walizidiwa. Sasa kiwandani wanaipitisha kwenye kemikali inayoifungafunga, mpaka ile sura inapotea. Walinzi wanaitazama hawaitambui, hawapigi kengele. Lakini vipande vya ndani vinabaki, na kuna askari wengine, wale wanaofundisha wenzao, wanavisoma vipande hivyo na kujifunza kuvumilia.

Nilimkatisha. "Daktari, ni kama udaga."

"Udaga?"

"Muhogo mchungu ukiula mbichi unakuua. Ukiuloweka, ukauvundika, ukauanika, ni ugali. Na bado ni muhogo."

Alicheka. "Si sawa kabisa, mama, maana kwenye udaga mnaitoa sumu, sisi tunaibadilisha umbo. Lakini nitaiba mfano wako."

"Basi shemeji yangu alinilisha muhogo mbichi."

"Alikulisha mbichi," alisema, na hakucheka tena.

Hakuniahidi muujiza. Alisema dawa hiyo inatoka nje, kwamba wengine inawasaidia sana na wengine kidogo, kwamba inataka miaka mitatu, na kwamba haanzi kunichoma mpaka pumu yangu itulie kwa dawa ya kuvuta. Alitaka pia kunipima kwenye ngozi. Aliweka matone kwenye mkono wangu, kisha akashika kijisindano cha kugusia kila tone. Nilipokiona kinashuka kwenye ngozi nilipiga kelele, nikasimama, nikaangusha trei. Watu waliokuwa nje walichungulia. Mtu aliyewahi kufa kwa chale hasahau. Daktari aliokota vitu vyake kimoja kimoja, akakaa, akajigusa kwanza yeye mwenyewe mkononi ili nione. Siku hiyo hatukupima. Nilirudi wiki iliyofuata. Tone la majani liliinua uvimbe mkubwa kama kitumbua, la mahindi likafuata.

Kisha sindano zikaanza, nje ya msimu, kwenye mkono wa juu. Mwanzo kila wiki, baadaye kila mwezi. Kila baada ya sindano sheria ilikuwa moja: nusu saa kwenye benchi, mbele ya nesi, sindano ya kuokoa ikiwa tayari kwenye trei. Usiondoke, usilale, sema ukihisi lolote. Nusu saa ya kwanza niliitumia yote kuhesabu pumzi zangu. Viganja vikiwasha kwa jasho tu nilidhani nakufa. Mkono ulivimba na kuwa wa moto siku mbili, nikauweka maji baridi. Hakuna kengele nyingine iliyolia.

Msimu wa kwanza wa matibabu niliugua kama kawaida, labda pungufu kidogo. Niliogopa. Msimu wa pili nililala chali. Sikutambua mpaka asubuhi Wegesa alipoingia chumbani akasimama mlangoni: "Mama, umelala kama watu!" Nililia. Siku nilizokuwa nimechoka, siku mvua ilipofunga njia na dagaa wangu wakaozea kwenye turubai, sikwenda hospitali kwa imani wala kwa subira. Nilikwenda kwa sababu ya kile kicheko cha "mpeni hata kumi." Watu wanashuhudia kwamba upendo uliwaponya. Mimi chuki ilikuwa inaniamsha alfajiri na kunivalisha viatu.

Msimu wa nne ukafika. Wazee walikuja Butiama asubuhi, umande umeshakauka, wakati ambao mbelewele zinamwaga sana. Safari hii nami nilikuwa nimepanda mahindi, makusudi. Daktari alikuwa amenionya nisifanye ushujaa wa kijinga, na dawa zangu zilikuwa mfukoni, na Mama Shabani alikuwa ameshika ile sindano ya paja aliyofundishwa kuitumia, ameishika kama mtu anayetafuta pa kuichoma. Alikuwa anamtazama Magoti.

Niliingia. Nililikanyaga shamba kutoka mpaka hadi mpaka, taratibu. Nilipofika walipo wazee nilishika bua la mhindi, nikalitikisa. Vumbi la njano liliniangukia kwenye nywele, kwenye kope, kwenye midomo. Daktari akisoma hapa atanikaripia. Nilipiga chafya mbili. Macho yaliwasha kidogo. Nikasimama.

"Tusubiri nusu saa," nikawaambia. "Ndiyo sheria."

Wakasubiri. Mama mkwe alikuja akasimama karibu nami, akanifuta vumbi usoni kwa upande wa kanga yake, akasema polepole, "Nilinyamaza vibaya." Mzee wa kikao akaangalia saa yake, akasema, "Shamba limekanyagwa." Magoti alikuwa ameshashika njia. Niliuona tena mgongo wake, na safari hii ulinipendeza.

Nilidhani kisasi kimeishia hapo. Msimu uliofuata, mbelewele zikiwa zimekolea, nilisikia hodi Bweri. Alikuwa Magoti, na mjukuu wake Nyamisi, mtoto wa kike wa miaka tisa. Macho ya mtoto yalikuwa yamefumba kwa uvimbe. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka.

"Shemeji," akasema.

Sikumkaribisha. Nilifurahi, na siwezi kuficha, maana ushuhuda wa uongo ni dhambi. Nilifurahi kwa urefu wa pumzi moja. Kisha nikaisikia ile filimbi kifuani kwa mtoto. Ilikuwa filimbi yangu.

"Mzee wa Bunda amehama?" nikauliza.

Alimsukuma mtoto mbele kidogo.

"Mtoto aingie," nikasema. "Wewe subiri."

Nilimpa mtoto kiti, nikampigia daktari, nikaita bodaboda. Halafu nikarudi mlangoni, nikampa Magoti masharti mawili. La kwanza, aende kwenye kikao aseme kauli yote ya daktari, nusu zote mbili. La pili, mtoto akikubaliwa dawa, ampeleke yeye mwenyewe, si mama yake, si mwingine. Amshike mkono akichomwa, na akae nusu saa nzima akimtazama anavyopumua.

La kwanza alilitimiza. Alisimama mbele ya ukoo, kofia mkononi. "Daktari alisema mbichi inaua," alisema. "Nilisikia. Nikasema moyoni, ikimponya sawa, isipomponya sawa." Miaka yote nilikuwa najiuliza kama alikuwa mjinga au mbaya. Kumbe hakuwahi hata kujisumbua kuchagua.

La pili analitimiza hadi leo. Siku za sindano ninafunga meza mapema, nakwenda, nanunua soda, nakaa benchi la mbele yao. Magoti anatoa jasho. Anamwinamia mtoto kila dakika.

"Unapumua?"

"Napumua, babu."

"Kiganja hakiwashi?"

"Babu, ulishauliza!"

Anatazama saa ya ukutani, anamtazama mtoto, halafu ananitazama mimi. Ninakunywa soda yangu taratibu. Mavuno ya shamba lile hayajawahi kunipa raha kama nusu saa hiyo.

Namshukuru Mungu, dereva mwenye mvi, nesi asiyetaka kutajwa, Daktari Neema na Mama Shabani. Nawaomba ninyi mnaosoma: msimpuuze mtu kwa sababu ugonjwa wake una msimu. Msijichanje kwa vumbi la maua, msilinuse, msililambe, wala msimpe mtoto kwa kuwa mmesikia kwangu kwamba linatibu. Kinachotibu ni kile kilichobadilishwa na wanaojua, mkononi mwa daktari, na sindano ya kuokoa ikiwa karibu. Na daktari akiwaambia jambo, rudieni kauli yake mbele yake mpaka mwisho.

Mchungaji wetu wa kanisa la Kitaji alipozisoma karatasi hizi alizigeuza nyuma na mbele, kisha akaniuliza, "Mama Wegesa, mbona msamaha siuoni?"

Nikamwambia, "Mchungaji, mtoto amechomwa mwaka mmoja tu. Matibabu ni miaka mitatu."